EKSIREI YA CHUMA: KUONA NDANI YA PAMPU BILA KUIKATA

Mwaka huu nimepewa nafasi ya kuandika somo la sayansi katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili. Mwenzangu mmoja aliposikia alicheka, akasema, "Fizikia kwa Kiswahili? Wewe utakwama ukurasa wa kwanza." Labda. Lakini mambo ninayotaka kuyaeleza yalianza kwa Kiswahili, shambani, mbele ya fundi mwenye msumeno, na siku hiyo sikuona mtu aliyekwama kwa maneno. Tulikwama kwa chuma.

Mjomba wangu, ambaye sisi nyumbani humwita abti (naye hutuita abti vilevile, hiyo ndiyo desturi), ana shamba kando ya Mto Tana. Ana migomba, miembe michache na vitunguu. Maji huyavuta mtoni kwa pampu ya dizeli iliyonizidi umri. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliifunika pampu hiyo kwa tope. Ilifukuliwa, ikaoshwa, ikafungwa upya, ikanguruma. Sote tulishangilia. Kisha Februari 2024, katikati ya jilaal, yaani ule msimu wa jua kali ambao kila mtu wa Garissa anaujua, pampu ilianza kulia kama mawe ndani ya sufuria. Maji yakapungua, halafu yakakatika kabisa.

Tulipoifungua tuliona kwamba kilichoumia ni impela. Kwa wale wasioijua, impela ni gurudumu linalozunguka ndani ya pampu na kuyarusha maji nje kwa kasi. Ile ya abti ilikuwa ya chuma cha kusubu, na imefungwa pande zote mbili: fikiria sahani mbili zimefunikiana, na katikati yake mapanga sita yaliyopinda kama mbalamwezi. Maji huingia kwa tundu la katikati, hupita baina ya mapanga na kutokea ukingoni. Ukiishika mkononi unaona sahani mbili tu, na ukichungulia ukingoni unaona ncha za mapanga. Jinsi yalivyopinda huko ndani huoni. Na kupinda huko ndiko kazi yote ya pampu.

Mchanga wa Tana ulikuwa umeila ile impela mpaka ukingo mmoja ukamegeka. Abti alipanda basi hadi Nairobi, kama kilomita 370, akazunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road siku mbili. Kila duka jibu lilikuwa moja: mzee, aina hii haitengenezwi tena, nunua pampu nzima. Pesa za pampu nzima hakuwa nazo. Akarudi na impela yake mfukoni, kama alivyokwenda.

Basi ikabaki kunakili. Fundi mmoja akasema anaweza kusubu nyingine kwa alumini, lakini ni lazima aone mapanga, na njia ya kuyaona ni moja tu.

"Fundi, ukishaikata halafu usiweze?" abti akauliza.

"Nitaweza."

"Ninayo moja tu."

"Mzee, hata nzima haifanyi kazi. Unaogopa nini?"

Akaikata, kwanza kwa greinda, kisha kwa msumeno katikati ya sahani zile mbili, ikawa vipande viwili kama mkate. Nakiri kwamba nilifurahi kuyaona mapanga. Sikujua nilikuwa nikiyaona yakiharibika.

Hesabu za hasara hiyo nilizifanya baadaye, mwalimu wa Fizikia akanisaidia, nami naziweka hapa kwa sababu ndizo moyo wa somo hili. Bamba dogo lililogongomelewa kwenye pampu lilikuwa limeandikwa kipenyo cha impela: milimita 200. Ile iliyokwisha kuliwa na mchanga tuliipima tukapata 194. Fundi aliitumia hiyo hiyo kuchapa kalibu ya mchanga. Alumini ikipoa hujikunja kama milimita 13 kwa kila mita, kwa hiyo mtoto alizaliwa mdogo kuliko mzazi: milimita 191 na nusu. Sasa, urefu ambao pampu inaweza kuinua maji hufuata kipeo cha pili cha kipenyo, mwendo wa injini ukiwa uleule. Chukua 191.5, gawanya kwa 200, zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata 0.917. Kama pampu mpya ilipandisha maji mita 20, hii ingepandisha mita 18 na kidogo. Juu ya hayo, greinda na msumeno vilikula milimita 2 za mapanga, na nafasi ya maji baina ya sahani ilikuwa milimita 15 tu. Ikawa 13.

Maji yalitoka. Ilikuwa Machi. Yalifika kwenye migomba ya chini, yakakataa kupanda mistari minne ya juu. Mgomba si ngamia, haungoji. Mistari ile ilikauka tukiitazama. Na kwa kuwa alumini ni laini kuliko chuma, mchanga wa Tana uliimaliza impela mpya kabla mwaka haujaisha.

Simlaumu fundi. Alifanya kazi kwa macho aliyokuwa nayo. Swali langu ni je, macho mengine yapo?

Mwaka huohuo mdogo wangu alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mkono, nikampeleka hospitali pamoja na mama. Mpiga picha wa eksirei alituonyesha mfupa ulivyopasuka. Mimi nilichotazama zaidi ni kishikizo cha chuma cha shati alilovaa mtoto. Mfupa ulionekana kijivu, na ufa wake ndani. Kishikizo kilikuwa doa jeupe tupu, hakina ndani. Nikamuuliza yule bwana kama anaweza kunipigia picha ya kifaa cha pampu. Akacheka, akasema, "Kijana, hii ni mashine ya mifupa."

Jibu lake nilikwenda nalo shuleni, na hapa ndipo somo lenyewe linapoanza.

Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Wengi wetu tumeiona vitabuni ile picha ya mkono wa mkewe wenye pete. Jambo ambalo vitabu vingi huliruka ni kwamba Röntgen hakupiga picha za mwili peke yake. Katika maandishi yake ya kwanza alitaja mawe ya mizani yaliyofungwa ndani ya sanduku dogo, dira ndani ya kasha lake, na kipande cha chuma ambacho kasoro zake za ndani zilionekana kwenye picha. Kwa maneno mengine, eksirei ya vyuma ina umri sawa na eksirei ya mifupa. Ila inahitaji nguvu nyingine.

Miale ikipita ndani ya kitu hupungua. Kila kitu kina unene wake unaoipunguza kwa nusu. Kwa miale ya kilo-elektronivolti 100, nguvu inayokaribiana na ya hospitali, maji huipunguza nusu kwa kama sentimita 4. Alumini kwa sentimita 1 na nusu. Chuma kwa milimita 2.4 tu! Sasa tufanye hesabu ya impela ya abti. Ukiilaza chali na kuipiga picha kutoka juu, mahali pasipo panga miale inapita sahani mbili, jumla milimita 10 za chuma. Hiyo ni kupungua nusu mara nne na kidogo, na inayofika upande wa pili ni kama sehemu 1 kati ya 18. Mahali penye panga inapita milimita 25, na inayofika ni kama 1 kati ya 1,350. Ukiisimamisha wima ndiyo balaa. Miale ikikutana na sentimita 10 za chuma mfululizo, inayobaki ni 1 kati ya trilioni tatu. Hiyo ni sawa na kusema hakuna kitu. Ndiyo sababu ya lile doa jeupe.

Lakini kwa nini mtu ataka kuisimamisha wima? Kwa sababu picha moja ya eksirei ni kivuli. Washa karabai usiku, weka ngumi yako mbele yake, utazame ukutani: huwezi kujua kama ni ngumi au ni kiazi. Lazima uigeuze. Mashine ya CT hufanya hivyo: hupiga picha kwa pembe nyingi, halafu kompyuta hukokotoa kilichomo ndani. Hospitalini mashine humzunguka mgonjwa. Viwandani ni kifaa kinachozungushwa juu ya meza, na picha huwa mamia hata maelfu. Mashine ya kwanza ya namna hii ilitumika kwa mgonjwa London mwaka 1971, kazi ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alikuwa amezipata hesabu zake kabla.

Hesabu zenyewe si za ajabu. Chora kisanduku chenye vyumba vinne: juu A na B, chini C na D. Kila chumba kina namba iliyofichwa. Huruhusiwi kufungua, unaambiwa jumla tu. Mstari wa juu ni 7, wa chini ni 9. Safu ya kushoto (A na C) ni 8, ya kulia ni 8. Je, A ni ngapi? Ukijaribu utaona A inaweza kuwa 4 na ikakubali, au 5 na ikakubali. Hujui. Sasa nikupe jumla moja ya mshazari: B na C ni 5. Jumlisha A+B na A+C, unapata 15. Toa 5. Inabaki 10, nayo ni A mara mbili. Basi A ni 5, B ni 2, C ni 3, D ni 6. Pembe moja zaidi imefungua kisanduku bila kukigusa. CT ni hivyo hivyo, ila vyumba ni mamilioni. Na usahihi wake unafuata udogo wa vyumba: kifaa cha milimita 200 kikienea juu ya kipokezi chenye nukta 2,000, kila nukta ni sehemu ya kumi ya milimita. Kumbuka msumeno ulikula milimita 2.

Mfano mkubwa kabisa wa jambo hili uko Ugiriki. Mwaka 1900 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta sifongo waligundua meli ya kale iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera. Katika vitu vilivyoopolewa mwaka uliofuata kulikuwa na donge la shaba lililoliwa na chumvi, na ndani yake magurudumu ya meno. Umri wake ni zaidi ya miaka 2,000. Leo kuna vipande 82. Nani angethubutu kuvikata? Miaka ya 1970 Derek de Solla Price na mwenzake walitumia eksirei za kawaida, lakini vivuli vya magurudumu vilipandiana, huyu juu ya huyu. Mwaka 2005 ndipo mashine ya CT ya kilovolti 450, yenye uzito wa kama tani 8, ilipopelekwa Athens mpaka kwenye jumba la makumbusho, kwa kuwa vipande havikuweza kusafirishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Magurudumu 30 yalitambuliwa, na moja lilikokotolewa kuwa na meno 223. Miezi 223 ya mwandamo ndiyo mzunguko wa kupatwa kwa jua na mwezi! Sisi tunaopanda vichuguu kuutafuta mwezi wa Ramadhani tunaweza kumwelewa huyo fundi wa kale kuliko wengi. Mashine yake imejengwa upya na mafundi wa leo, na hakuna kipande hata kimoja kilichokatwa.

Najua mtasema, sawa, lakini abti atapata wapi tani 8 za mashine? Hapo nami nilikwama, wiki nzima. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, nikarudi kwenye hesabu zangu za impela iliyolazwa chali.

Mapanga ya impela ya aina ile yamesimama wima baina ya sahani mbili, kama kuta za nyumba baina ya sakafu na dari. Ukitaka ramani ya nyumba huhitaji kuitazama kwa pembe elfu. Itazame kutoka juu, mara moja, nawe utaona kila ukuta ulivyopinda. Kivuli kimoja kinatosha, mradi miale iwe na nguvu ya kupita chuma. Na miale hiyo imo humu humu Kenya. Watu wanaokagua viungo vya mabomba ya mafuta yaliyochomelewa hutumia chembe ya iridiamu-192, ambayo hutoa miale ya gama. Haihitaji umeme, inabebwa ndani ya kasha zito mpaka porini. Miale yake hupungua nusu kwa karibu milimita 13 za chuma. Fanya hesabu tena: milimita 10 inapitisha 58 katika kila 100, milimita 25 inapitisha 26. Panga litaonekana waziwazi kama kivuli kizito ndani ya kivuli chepesi.

Kuna mtego mmoja. Kivuli hukua. Chembe ikiwa milimita 1,000 juu ya filamu, na panga likiwa milimita 20 juu ya filamu hiyo hiyo, picha itakuwa kubwa kwa 1,000 gawanya kwa 980, yaani asilimia 2. Impela ya 200 itasomeka 204. Dawa yake ni rahisi: weka kando ya impela kipande cha chuma unachokijua urefu, kwa kimo kilekile, kisha usome kila kitu kwa kulinganisha nacho.

Tafadhali, mtu asiende kutafuta iridiamu kwa ajili ya majaribio ya nyumbani! Inaweza kuua. Kazi hiyo ni ya wenye leseni, chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Na nusu ya nguvu ya chembe hiyo huisha kwa siku 74, kwa hiyo si kitu cha kununua ukaweka kabatini. Kuna njia ndogo zaidi pia. Mpira laini wa silikoni unaweza kumiminwa ndani ya njia za maji, ukiganda ukavutwa nje, ukawa sanamu ya ule uwazi. Kamera nyembamba ya waya inayochomekwa kwenye simu itakuonyesha nyufa, ingawa haitakupa vipimo.

Picha nayo haisemi kila kitu. Haikuambii impela ilikuwa 200 kabla ya mchanga kuila. Hilo lilisemwa na bamba. Haikuambii chuma gani kilitumika kwa jina, wala kiligumishwa vipi. Anayenakili umbo bila kujua maada atafanya kama fundi wetu, ataweka alumini mahali pa chuma. Tena kuna sheria: kifaa chenye hataza hairuhusiwi kunakiliwa kibiashara mpaka miaka 20 ipite tangu kuombwa kwake. Pampu ya abti ni kuukuu mno kuwa na shida hiyo.

Nchi yetu imewahi kulijaribu hili kwa ukubwa. Gari la Nyayo lilizinduliwa Kasarani Februari 1990, na kiwanda kilichozaliwa na mradi huo, Numerical Machining Complex, kiligeukia kutengeneza vipuri vya mashine. Watu hulicheka lile gari. Mimi naona vipuri ndivyo vilivyokuwa fungu lenye maana zaidi. Na kuna pampu ya mkono, Afridev, iliyojaribiwa na kuboreshwa Kwale miaka ya 1980. Michoro yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitengeneza. Mwenye Afridev hana haja ya eksirei wala msumeno. Anasoma karatasi. Mimi ningependa kila pampu inayouzwa kwetu ije na karatasi ya namna hiyo, na sijui kwa nini wanunuzi hatuidai.

Vipande viwili vya impela ya abti vipo, vilikuwa chini ya kitanda chake vimefungwa gunia. Likizo ya Agosti nilivitoa. Nilivibandika juu ya karatasi, nikayafuata mapanga kwa penseli, nikairudisha ile milimita 2 ya msumeno, nikaongeza ukingo ulioliwa mpaka 200. Kisha nikaongeza milimita 2 nyingine, kwa kuwa chuma cha kusubu hujikunja kama milimita 10 kwa kila mita, na safari hii abti amekataa kabisa habari za alumini. Panga moja lililomegeka ilibidi nilikisie kutoka kwa jirani zake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana picha moja kabla ya msumeno ingelionyesha.

Mchoro uko kwa seremala mtaani kwetu, anachonga kielelezo cha mti cha kupeleka kwa wasubu chuma Nairobi. Kufikia Ijumaa alikuwa amemaliza mapanga matatu.